Ajira ya kuuza kwa gari, tageti milioni 60 kwa mwezi: nikague nini kabla ya kusaini?

Mchuuzi_Temeke:

Wakuu habari. Nimepewa ofa ya ofisa mauzo kwenye kampuni inayosambaza sabuni na mafuta ya kula hapa Dar. Nina mpaka Ijumaa kujibu.

Ofa iko hivi. Msingi 400,000, kamisheni 1% ya mauzo yote ya mwezi, ila inalipwa tu ukifikisha 90% ya tageti. Tageti ni milioni 60. Gari na dereva ni vya kampuni, ruti sita kuanzia Temeke hadi Mbagala, Jumatatu mpaka Jumamosi. Kikao saa 1:00 asubuhi, na kufunga hesabu stoo kunaenda hadi saa 2:00 usiku. Miezi mitatu ya mwanzo nahesabika frilansa, mkataba unakuja "ukionyesha matokeo". Kuna kipengele kinasema upungufu wowote wa mzigo au fedha utakatwa kwenye malipo ya mwezi.

Wapo wanaoniambia kampuni za aina hii ni presha tupu, wengine wanasema hela ipo. Naomba mtu anayeijua kazi anichambulie: tageti hii inafikika? Hayo makato ni halali? Na tabia ya mameneja nitaijuaje nikiwa bado niko nje?

---

Hesabu_za_Ruti:

Mkuu, anza na hesabu. Tabia ya menejimenti utaikuta humohumo ndani ya tageti.

Gari moja likitembea vizuri maeneo hayo linafika kwenye maduka 30 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hizo ni ziara 780. Si kila duka litanunua, kwa hiyo chukua nusu: oda 390. Maduka mengi ya huko ni ya rejareja, tuseme oda moja wastani 120,000. Jumla inakuja milioni 46.8, yaani 78% ya tageti. Umeuza karibu milioni 47 na kamisheni yako ni sifuri.

Kufika kizingiti cha milioni 54 (90% ya tageti) unahitaji oda 450, sawa na maduka 58 yanunue katika kila 100 unayoingia. Kufika 60 unahitaji oda 500. Sisemi haiwezekani. Inategemea namba tatu ambazo kampuni inazo tayari kwenye mfumo wake: maduka mangapi yako kwenye orodha ya hizo ruti, mangapi yalinunua mwezi uliopita, na wastani wa oda. Ziombe. Meneja anayejua soko atakutajia au atakutumia jioni hiyohiyo. Akikujibu kwamba mauzo ni kujituma, ujue tageti ilitoka juu ikagawanywa kwa idadi ya magari, na wewe utalipia hiyo tofauti.

Sasa kizingiti chenyewe. Ukiuza milioni 53.9 unaondoka na 400,000. Ukiuza 54 unaondoka na 940,000. Laki moja ya mauzo imebeba 540,000 ya malipo yako. Hapo ndipo uozo unapoanzia, na hauanzi na tabia mbaya ya mtu. Tarehe 29 ofisa anakwenda kwa mwenye duka la jumla, anamshushia mzigo wa milioni 5 kwa makubaliano ya mdomo kwamba asipouza ataurudisha. Tarehe 4 mzigo unarudi. Mwezi mpya unaanza ukiwa hasi milioni 5, na tageti imepandishwa kwa sababu mwezi uliopita "ulifanya vizuri". Supavaiza anajua, maana bonasi yake inapimwa kwa mauzo yaleyale ya mwisho wa mwezi. Baada ya miezi mitatu ya mchezo huu hakuna anayejua soko linanunua kiasi gani kweli.

Kwa hiyo uliza, na majibu yaingie kwenye mkataba: mauzo yanapimwa kwa ankara iliyokatwa au kwa fedha iliyoingia? Mzigo ukirudi, kamisheni inakatwa mwezi gani? Tageti inatolewa tarehe ngapi, na nani ana mamlaka ya kuibadilisha katikati ya mwezi? Ruti ikigawanywa kwa mtu mwingine, tageti inashuka?

Na gari likikaa gereji je? Tageti yako ni takriban milioni 2.3 kwa siku. Gari likilala siku 4, milioni 9.2 imekwenda bila kosa lako. Kampuni makini ina utaratibu wa kuzitoa hizo siku.

Kama wako tayari kuzungumza, omba ngazi: 0.6% kuanzia shilingi ya kwanza, na 1% ukivuka 90%. Kwa mauzo ya milioni 46.8 ungepata 280,800 badala ya sifuri. Kampuni haipotezi, na hamu ya kumjazia mwenye duka mzigo inapungua sana.

---

Mlinda_Stoo:

Naongezea kwenye shoti, yaani upungufu wa mzigo au fedha, kwa sababu vijana wengi wa magari wanaumizwa hapo kuliko kwenye tageti.

Hesabu ya jioni ni nyepesi: uliopakia, toa uliouza, toa uliorudi, toa ulioharibika, inabaki sifuri. Isipobaki sifuri, wewe ndiye mwenye deni. Tatizo ni kwamba shoti nyingi ni za karatasi, hakuna aliyeiba. Chanzo kikubwa ni promosheni. Kampuni inatangaza nunua katoni 10 upate 1. Umeuza katoni 140 kwa wateja walionunua kumikumi, umetoa 14 za bure. Kama mfumo haukupewa hizo 14 kama zawadi, jioni unaonekana umepoteza katoni 14. Kwa katoni ya 38,000 hiyo ni 532,000, zaidi ya msingi wako wa mwezi mzima. Chanzo kingine ni kupakia kwa katoni na kuuza kwa kipande, halafu mtu wa stoo anakadiria katoni zilizofunguliwa. Na cha tatu ni malipo ya lipa namba yanayoingia usiku baada ya hesabu kufungwa.

Dawa yake: asubuhi hesabu mwenyewe wakati wa kupakia, usisaini karatasi iliyojazwa kabla hujafika. Katoni zilizofunguliwa ziandikwe kwa vipande. Zawadi zikatiwe ankara ya bei sifuri palepale dukani, mwenye duka asaini. Mkopo usitoe kwa amri ya simu. Supavaiza akikupigia umpe mtu mzigo bila fedha, mtumie ujumbe mara moja: "Kwa maelekezo yako ya saa 5 asubuhi, duka fulani limepewa katoni 20 kwa mkopo wa siku 14." Kama amri ilikuwa halali hatakasirika.

Kuhusu kipengele cha "upungufu wowote", kilivyoandikwa hakisimami. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kukata kwa hasara iliyotokea kazini, lakini kwa masharti: iwe imetokana na kosa lako, mwajiri akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokokotoa, upewe nafasi ya kupinga, makato yasizidi hasara halisi, na yasizidi robo ya ujira wako wa fedha. Mwezi usio na kamisheni, robo yako ni 100,000. Katoni zilizopasuka kwa sababu ya barabara au gari bovu si kosa lako.

Ukiletewa fomu ya kukubali deni usiku stoo, watu wamechoka na wanataka kufunga geti, andika juu ya saini yako: "Nimepokea, sikubaliani na kiasi", na tarehe. Piga picha. Saini tupu inageuka kukiri deni.

---

Bi_Masoko:

Swali la tatu, la tabia ya mameneja, ndilo gumu zaidi, na wengi hulijibu kwa tetesi. Kuna njia ya kulichunguza kabla ya Ijumaa.

Nenda Jumatano au Alhamisi kwenye maduka matano sita ya ruti hizo, ya jumla mawili na ya rejareja yaliyobaki. Nunua kitu, ongea na mwenye duka. Muulize: ofisa wa kampuni hii anayekuja sasa ameanza lini, na kabla yake walikuwa nani? Zawadi za promosheni mnazipata kamili? Kuna ofisa aliyewahi kurudi hapa kudai deni kwa fedha yake mwenyewe? Meneja wao mmewahi kumwona? Mwenye duka hana sababu ya kuificha kampuni. Akikuambia tangu Januari wamekuja watu wanne, umeshapata jibu ambalo hakuna kwenye usaili atakayekupa.

Kwenye usaili uliza ninayechukua nafasi yake alikwenda wapi, na katika timu yote wangapi walifikisha tageti miezi mitatu iliyopita. Timu ya watu kumi, wakifikisha sita au saba, tageti ina akili. Wakifikisha wawili kila mwezi, na ni walewale wenye ruti zenye maduka makubwa ya jumla, hiyo tageti ipo ili kamisheni isilipwe.

Uliza meneja huingia soko siku ngapi kwa wiki. Anayejua kazi anapanda gari na wewe, anakaa kimya maduka ya kwanza anaangalia unavyofungua mazungumzo, unavyokagua rafu, kama unauliza mzigo wa wiki iliyopita umetoka kiasi gani kabla hujaomba oda mpya. Halafu anakurekebisha mkiwa garini, si mbele ya mteja. Asiyejua anakaa ofisini na kupiga simu saa 4, saa 7 na saa 10 kuuliza "umefika wapi?" Simu hizo tatu haziuzi hata katoni moja.

Halafu kuna kundi la WhatsApp. Kupangwa kwa namba kila jioni si kosa kwa kila hali. Kama jedwali linapanga watu kwa asilimia ya tageti ya ruti yao na linaonyesha ziara, oda na wastani wa oda, linasaidia: unaona mwenzako anaingia maduka 34 wewe 22. Jedwali la shilingi tupu linalomweka wa Kariakoo juu na wa Mbagala chini kwa rangi nyekundu linavunja watu moyo tu, kwa sababu uwezo wa maduka haufanani. Omba uhudhurie kikao kimoja cha asubuhi kabla ya kusaini. Kikao kizuri hakizidi dakika 15 au 20: namba za jana, tatizo moja la soko, mzigo uliopo stoo, watu wanaondoka. Ukikuta nusu saa ya kufokea aliyekuwa wa mwisho jana, au aliyechelewa anasimamishwa mbele na kutozwa faini taslimu, acha hapohapo. Faini za namna hiyo hazimo kwenye makato yanayoruhusiwa.

Na msidhani presha ya tageti inaishia kwenye hisia. Marekani, benki ya Wells Fargo ilitozwa dola milioni 185 mwaka 2016 baada ya wafanyakazi waliobanwa na tageti kufungua akaunti wateja wasizoziomba, na watu wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi kwa sababu hiyo. Hapa kwetu mfano uko karibu zaidi: wasajili laini waliomwekesha mteja kidole mara mbili tatu ili wafikishe idadi ya siku. Mteja anapiga *106# anakuta namba asizozijua. Bosi aliyesema "leta matokeo, sitaki kujua umepataje" hatakuwepo siku hiyo.

---

Sheria_za_Kazi:

Mdau, nigusie hilo la frilansa na saa za kazi, mengine yamesemwa vizuri.

Jina frilansa halikuondolei haki. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa ikithibitika hata jambo moja kati ya haya: kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi hiyo, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au anamfanyia mtu mmoja tu. Wewe una gari lao, dereva wao, ruti yao na kikao chao cha saa 1:00. Angalia malipo ya kwanza: ukikuta kodi ya zuio na hakuna NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), wamekuandika kama mtoa huduma. Uwajulishe kwa maandishi mapema kwamba unajihesabu mwajiriwa. Kwenye ajira, NSSF ni 20% kwa jumla na nusu yake hulipwa na mwajiri, PAYE (kodi ya mshahara) inakatwa kwenye msingi pamoja na kamisheni.

Saa: kikomo ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku bila ziada. Kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, ukitoa saa moja ya mapumziko, ni saa 12. Mara siku sita, 72. Unazidi kwa saa 27 kila wiki, yaani 108 kwa wiki nne, wakati ziada inayoruhusiwa ni saa 50 kwa wiki nne, kwa makubaliano, na kwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kampuni nyingi husema kamisheni ndiyo ziada yako. Si hivyo.

Kufukuzwa kwa kutofikisha tageti kuna utaratibu chini ya Kanuni za Utendaji Bora za 2007. Mwajiri aonyeshe kwamba ulikijua kiwango, kwamba kinafikika, achunguze sababu, akupe mwongozo, onyo na muda wa kujirekebisha, kisha akusikilize ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama. Kwa hiyo tunza nakala za ruti na mauzo yako ya kila siku. Zinathibitisha kama kiwango kilikuwa cha haki.

Muhimu sana: mwenye chini ya miezi sita kazini hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, ila anaweza kudai kamisheni na mshahara wake. Mlango ni CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), fomu namba 1: siku 30 tangu kuachishwa, siku 60 kwa madai mengine. Wengi wanapoteza haki zao kwa kusubiri ahadi za simu hadi siku zinapita. Na ukiambiwa "andika mwenyewe barua ya kujiuzulu", usiandike siku hiyo. Kujiuzulu kwa kubanwa sheria inaweza kukuhesabu kuwa ni kuachishwa, lakini barua yenye shukrani kwa kampuni inaharibu ushahidi wako.

---

Msambazaji_MSA:

Kwa wanaosoma wakiwa Kenya, msichukue siku 30 za hapo juu. Huku tunaenda na Employment Act ya 2007. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita, unaweza kuongezwa kwa ridhaa yako hadi mwaka mmoja. Kuhusu shoti, mwajiri anaweza kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu, mradi mkataba uwe umekukabidhi waziwazi jukumu la kupokea na kutunza pesa. Soma mkataba uone kama kifungu hicho kimo. Makato yote kwa pamoja hayafai kuzidi thuluthi mbili ya mshahara, ambayo kwa mtu wa kamisheni ni mwanya mkubwa, kwa hivyo zuia shoti mapema kama alivyoeleza Mlinda_Stoo.

Nampinga kidogo Hesabu_za_Ruti. Kizingiti si kibaya chenyewe. Kampuni inayolipa msingi mzuri ina haki ya kutaka kiwango fulani kabla ya bonasi. Ubaya ni kizingiti kirefu juu ya msingi mdogo, kwa sababu mtu anaanza kukopa kwa wenye maduka ili aishi, na akishakopa kwao hawezi tena kuwakatalia mkopo wa mzigo.

---

Mchuuzi_Temeke:

Nashukuru sana wakuu. Nimewaandikia, wamejibu. Kizingiti wamekubali kishuke hadi 80%. Frilansa miezi mitatu wameshikilia. Namba walizotoa: orodha ina maduka 640 kwenye ruti sita, mwezi uliopita yalinunua 310, wastani wa oda 135,000. Tageti inabaki 60.

---

Hesabu_za_Ruti:

Kutoa namba ni dalili nzuri. Sasa zisome. Maduka 640 kwa ruti sita ni kama 107 kwa ruti. Wewe unaingia 30 kwa siku, na kila ruti inakufikia mara nne kwa mwezi: ziara 120. Maana yake kila duka linamwona ofisa karibu mara moja tu kwa mwezi. Sabuni na mafuta vinaisha dukani ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo mwenye duka anakwenda kununua kwa wa jumla. Ndiyo maana nusu ya orodha haikununua. Maduka 310 kwa oda moja moja ni milioni 41.85, chini hata ya kizingiti kipya cha 48.

Ofisa aliyetangulia huenda hakuwa mvivu. Orodha ndiyo mbovu.

Waambie hivi: kwa wiki nne una ziara 720. Maduka 100 makubwa yaingiwe kila wiki, hizo ni 400. Maduka 160 ya kati kila baada ya wiki mbili, hizo ni 320. Yaliyobaki 380 yahudumiwe na wa jumla, na mauzo ya wa jumla huyo yahesabiwe kwenye ruti yako. Nusu ya ziara zikizaa oda za 135,000 unapata milioni 48.6, umevuka kizingiti kwa wiki nne bila kumjazia mtu mzigo, na siku mbili za ziada ni zako.

Kama meneja atakubali kupanga upya orodha, hiyo kazi ichukue. Kwa frilansa, omba barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe ya kuanza, ruti, msingi, fomula ya kamisheni, tarehe ya kulipwa na utaratibu wa shoti, wasaini wao kwanza. Usipakie gari kabla hujaishika.